Nani Aliyebeba Masanduku ya Liemba?

Tangu ukarabati wa MV Liemba uanze kuzungumzwa kwa uzito, huku Tabora na Kigoma hatukosi mtu wa kutusimulia habari za meli ile. Tunaambiwa ilikuwa meli ya kivita ya Mjerumani, ilikuwa na mzinga, ilizamishwa, ikaibuliwa, na sasa umri wake umepita miaka mia. Yote ni kweli. Lakini simulizi hizo zinaanzia pale ambapo Liemba ilikwisha kuwa meli. Kabla ya hapo ilikuwa masanduku. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye mabehewa hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mafundi watatu wa Kijerumani waliosimamia kazi hiyo majina yao tunayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walioshusha masanduku kwenye mabehewa, waliochochea moto wa kupashia ribiti, yaani pini za kuunganishia mabamba ya chuma, waliozigonga zikiwa nyekundu na waliosukuma mwili wa chuma hadi majini, hatuna jina lao hata moja, achilia mbali neno walilolisema.

Nasema tangu mwanzo ninachokiamini. Vita vilivyopita katika ardhi hii ya magharibi viliamuliwa na mizigo, reli, madaraja na posho kuliko vilivyoamuliwa na bunduki. Kwa hiyo kumbukumbu za waliofanya kazi hizo, yaani wapagazi, mafundi, wahandisi wa medani, madereva, wapishi na maboharia, ndizo kiini cha historia yenyewe, na tunakosea tunapozichukulia kama kitoweo cha pembeni. Kwa Vita Kuu ya Kwanza tumechelewa sana. Kwa Vita ya Kagera, ile ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda, bado hatujachelewa, ila muda uliobaki ni mdogo, na mjadala unaoendelea kuhusu kuwakumbuka watu hawa unaelekea mahali ambapo tutaridhika na majina kwenye ukuta huku tukiacha maelezo yao yazikwe pamoja nao.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kila kitu. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Nje ya reli hiyo hapakuwa na njia ya kuaminika. Magari yalikuwa machache, barabara zilikuwa matope, na farasi, punda na ng'ombe waliuawa na ndorobo kabla hawajafika popote. Kilichobaki ni bega la mtu. Sasa mchukue mpagazi mmoja mwenye mzigo wa unga kilo 25, naye anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda mbele na siku kumi na mbili kurudi, amekula kilo 24 za mzigo wake mwenyewe. Askari aliye mbele amefikishiwa kilo moja. Ukitaka kumfikishia zaidi, unahitaji wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi, na nyuma yao wengine tena. Ndiyo maana Waingereza peke yao waliandikisha, kwa hiari na kwa nguvu, watu wanaokaribia milioni moja katika kampeni ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana pia hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande huo mmoja inakaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaiona kuwa pungufu. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na unga wa mahindi usioiva vizuri, waliopewa watu waliozoea mtama au ndizi.

Mkoa wa Tabora ulikuwa katikati ya hesabu hiyo hata kabla ya Mjerumani. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa safari za pwani, na lugha ya kazi ile tunaitumia mpaka leo bila kufikiri: mpagazi, kirongozi, posho, mzega. Vita vilipokuja, ujuzi huo uligeuzwa mali ya majeshi. Mwaka 1916 Tabora ikawa makao ya muda ya serikali ya Kijerumani, na warsha ya reli ikageuzwa kiwanda cha kugongea fedha. Humo zilitengenezwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, pamoja na sarafu ndogo za heli zilizotokana kwa sehemu na maganda ya mizinga. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazinunua kwa bei kubwa na wanazijua kwa undani wa kushangaza. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur likaingia Tabora, nalo lilifika kwa migongo ya wapagazi lililowakusanya Kongo, Rwanda na Burundi.

Kigoma nayo ina kisa kinachopendwa sana, cha boti mbili za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilizoburutwa nchi kavu kupitia Kongo mwaka 1915 ili kuwatoa Wajerumani ziwani. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha kamanda Spicer-Simson na vituko vyake. Ukitazama kazi yenyewe unaona kitu kingine kabisa. Boti zile zilivutwa na mashine za mvuke zilizopandisha milima ya Mitumba kwa barabara iliyokatwa na vibarua wa Kiafrika, juu ya madaraja waliyoyajenga wao. Mashine za mvuke hunywa maji mengi, na kulipokuwa na ukame maji hayo yalibebwa vichwani na wanawake wa vijiji vya njiani. Bila mitungi ile mashine zingezimika mlimani na boti zisingefika ziwani kuiteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915 wala kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Hao wanawake hawakuwa wamejiandikisha katika jeshi lolote. Kama yuko aliyewahi kuwauliza walilipwa nini, au nani alinyonyesha watoto wao siku zile, jibu halikuhifadhiwa.

Wakubwa, kwa upande wao, waliandika. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani aliyejisalimisha Abercorn (sasa Mbala, Zambia) Novemba 1918, alikwisha kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1920. Na tusidhani kwamba kalamu ni ya wazungu tu. Kiswahili chetu kina bahati ya kuwa na maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, mtu ambaye Tabora ilikuwa kama nyumba yake ya pili. Lakini tazama ni nani aliyezungumza: mwenye msafara. Waliobeba pembe zake tunawaona kwa jicho lake tu, wakihesabiwa kama mizigo inavyohesabiwa. Upande wa pili wa mizani kuna Jacob Wainwright, mmoja wa waliobeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo hadi pwani mwaka 1873 na 1874, wakapitia hapa Unyanyembe. Yeye aliweka shajara ya safari ile. Kuna pia Martin Kayamba, mtumishi wa serikali kutoka Tanga aliyefungwa na Wajerumani wakati wa vita, ambaye simulizi ya maisha yake ilichapwa mwaka 1936. Hawa wawili wanatosha kuonyesha kwamba ukimya wa waliobaki haukutokana na kukosa la kusema. Walikosa karatasi, walikosa shule, na zaidi ya yote walikosa mtu wa kuwauliza.

Hapo ndipo naona mjadala wa sasa unaeleweka vibaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 huko Cape Town ukazinduliwa mnara wa vibarua na madereva weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, kila jina likiwa kwenye nguzo yake ya mti wa mvule. Huku kwetu habari hizo zimepokelewa kwa namna mbili. Wako wanaosema wazungu wanajisafisha, hayatuhusu. Wako wanaosema nasi tupewe mnara wetu. Nawaelewa wote wawili, lakini wote wamelishika jambo kwa mkia. Mnara tunao tangu mwaka 1927. Ile Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam ina maandishi, Kiswahili kikiwemo, yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nyanyua macho kutoka kwenye maandishi uitazame sanamu: aliyesimama pale juu ni askari peke yake na bunduki yenye singe. Nairobi walimweka mpagazi pembeni ya askari, sisi tulimwachia mstari wa maandishi. Na hata jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chenyewe cha wapagazi, wanaoshuka pale kila siku kununua nguo na vyombo hawaambiwi limetoka wapi. Jina tu, bila maelezo, halikumbushi kitu.

Wapo wanaopinga kazi hii, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni kwamba ile ilikuwa vita ya wakoloni, babu zetu walikamatwa kama kuku, kwa nini tuwatukuze? Nakubali hawakwenda kwa ridhaa. Wengi walitoroka kila walipopata upenyo, na walikuwa na akili kufanya hivyo. Lakini mtu aliyetendewa nguvu ndiye shahidi wa nguvu hiyo. Tukikataa kutafuta maneno yake tunabaki na maneno ya aliyemkamata. Tena sisi Wanyamwezi tuna la kukiri hapa: walikuwepo ndugu zetu waliobeba mizigo, na walikuwepo ndugu zetu ruga-ruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa, na askari waliopita vijijini wakichukua unga, kuku na watu. Kumbukumbu za kweli zitaumiza pande zote, na sitegemei zitupatie mashujaa wa kupamba kalenda.

Hoja ya pili ndiyo inayonipa shida zaidi. Wasomi husema kumbukumbu za mdomo haziaminiki, mzee huchanganya miaka, hujipa nafasi ambayo hakuwa nayo, husimulia alichokisikia kama alichokiona. Hilo ni kweli, na kwa vita ya 1914 hakuna tena hata wa kuchanganya miaka. Kilichobaki ni maneno ya wajukuu, nayo lazima yatumike kwa uangalifu. Ila kuna tofauti kati ya aina za kumbukumbu. Mtu aliyefanya kazi ya mikono anaweza kusahau tarehe ya mapigano lakini asisahau uzito wa alichobeba, alikula nini, alilala wapi, alilipwa kiasi gani, nani aliugua na kwa dalili zipi. Mambo hayo yanaweza kulinganishwa na ratiba za treni, vitabu vya bohari na kumbukumbu za hospitali za misheni. Na kumbukumbu za majenerali tunazozisoma kwa heshima zote ziliandikwa na watu waliokuwa na sifa ya kulinda. Kama hizo tunazipima na kuzitumia, hizi nazo zipimwe zitumike.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo huisikia mara nyingi kuliko zote, ni kwamba hawa hawakupigana, kwa hiyo hawana la kusimulia. Hata baadhi ya wazee wenyewe huisema: "Mimi nilikuwa dereva tu." Chukua Vita ya Kagera yenyewe. Idadi inayotajwa mara nyingi ya wanajeshi wa Tanzania waliopoteza maisha katika vita ile ni 373, na waliouawa wakipigana walikuwa chini ya mia moja. Maana yake wengi walikufa nje ya mapambano, wengi wao katika ajali, huko ambako eti hakuna la kusimulia. Barabara ya usiku bila taa, lori lililobeba mabomu, dereva ambaye hajalala siku mbili: hicho nacho ni kifo cha vitani. Na vita ile ilianza kwa tatizo la kihandisi. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilipua daraja la Kyaka, na mpaka wahandisi wetu walipotafuta namna ya kuuvuka mto Kagera, ujasiri wote uliokuwa ukingo wa kusini haukuweza kumfikia adui aliye kaskazini. Serikali ilichukua malori na mabasi ya raia. Sehemu ya watu na zana ilipita kwa reli hapahapa Tabora, ambako njia inagawanyika, moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza. Tunapoisimulia vita ile tunaruka kutoka hotuba ya Mwalimu hadi kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, kana kwamba kati ya hapo watu walipaa.

Mtaani kwetu Ng'ambo kuna mzee aliyekuwa kikosi cha uhandisi wakati huo. Nimemsalimia shikamoo kwa miaka mingi bila kumuuliza lolote. Siku moja tukiwa kwenye kahawa nilimuuliza daraja la jeshi linavukaje mto wakati ng'ambo ya pili hakuna mtu wa kulipokea. Akachukua rula ya mjukuu wake, akailaza juu ya kalamu mbili za duara zilizokuwa kama rola, akaanza kuisukuma itoke nje ya ukingo wa meza. "Unaona, mwanangu? Ikizidi mbele inaanguka. Kwa hiyo mbele unaweka pua nyepesi, nyuma unaacha uzito." Akaweka kikombe chake juu ya mwisho wa rula, na rula ikaenda hewani bila kuanguka mpaka ikagusa kiti. Akanieleza kwamba kila fremu ya chuma hubebwa na watu sita, uzito wake unakaribia kilo 260, na wanaobeba hupangwa kwa urefu, kwa sababu mfupi akiwekwa kati ya warefu wawili habebi kitu na warefu wanavunjika migongo. Halafu akanyamaza, akasema hayo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata wanawe. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu vita ile, na sikuwahi kukutana na habari ya kupanga watu kwa urefu.

Wengine watasema hizo ni siri za jeshi. Siri zipo, na ziheshimiwe: mipango, mawasiliano, silaha na mahali pa kambi visiguswe. Lakini daraja la fremu za chuma la aina ile lilitumika tangu Vita Kuu ya Pili, na maelezo yake yanajulikana duniani kote. Jeshi letu lina maofisa wenye elimu ya kutosha kuchuja simulizi za kazi, na lingekuwa mlinzi bora wa simulizi hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Hoja nyingine, kwamba mzee ana njaa na dawa hana, wewe unampelekea simu ya kumrekodi, siwezi kuipuuza, maana ni kweli kwa wengi. Matunzo ya wastaafu na wanamgambo waliokwenda vitani ni deni linalosimama peke yake, na hakuna kitabu kitakacholilipa. Naongeza tu kwamba wengi wa watu hawa, hasa madereva na mafundi wa kiraia waliochukuliwa na magari yao, hawana karatasi yoyote inayoonyesha walikuwepo. Simulizi iliyorekodiwa vizuri, yenye majina ya wenzake, namba ya kikosi na njia aliyopita, inaweza kuwa ushahidi wake wa kwanza.

Umri hautusubiri. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, na fundi aliyekuwa na miaka 35 wakati ule amepita 80 kama bado yu hai. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, na Kaboya, mkoani Kagera, kuna makaburi ya wanajeshi wa vita ile yanayotunzwa. Ni vema. Lakini baada ya gwaride wazee hurudi nyumbani na walichonacho kichwani. Shule zetu za sekondari Tabora na Kigoma zina wanafunzi wa historia wenye simu zinazorekodi. Chuo cha Reli kiko hapa, na wastaafu wa reli waliopitisha treni za jeshi wanaishi Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza. Mwalimu mmoja akimpa kila mwanafunzi wa kidato cha tatu mzee mmoja na maswali yaleyale, ndani ya muhula mmoja atakuwa na kitu ambacho hakipo katika maktaba yoyote. Maswali yasiwe ya ushujaa. Ulibeba nini? Kilikuwa na uzito gani? Mlikula nini siku ya tatu? Nani alikufundisha? Nini kiliharibika, na mlikitengeneza kwa kutumia nini? Waulizwe pia akina mama, waliopika, waliofua na waliolima mashamba ya waume walioondoka na mgambo.

Na Liemba itakaporudi kufanya safari zake, itakuwa na abiria wapya, wageni kutoka nje pia, na bila shaka kutakuwa na kibao cha kuwaeleza historia yake. Kitataja Papenburg, mzinga uliotoka meli ya kivita Königsberg, Julai 1916 ilipozamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mwaka 1924 ilipoibuliwa na 1927 iliporudi kazini kwa jina ililonalo. Naomba wanaoandika kibao hicho waanze na masanduku. Waseme yalikuwa kama 5,000, yalisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli iliyojengwa kwa jembe na sururu, na yalifunguliwa hapa Kigoma na watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kisha waache nafasi tupu chini ya maneno hayo, yenye ukubwa wa kutosha, ili familia yoyote ya Ujiji, Gungu au Mwandiga yenye jina la babu aliyefanya kazi ile iweze kulileta.

Mzee wa Ng'ambo amenitajia wenzake wanne. Wawili wamefariki, mmoja yuko Nzega, mmoja hajui yuko wapi. Wa Nzega nina namba ya simu ya binti yake.